Gari Iliyonyamaza

Bububu nzima hakukuwa na gari yenye mbio kama ya Talib. Kutoka Bububu mpaka Kendwa, haijapata kupitwa. Basi tusianze na uongo mapema hivi: ilipitwa. Ilipitwa na gari ya wagonjwa, ikapitwa na vespa, na siku moja ilipitwa na mbuzi. Lakini siku ya mbuzi ilikuwa imezimika.

Ilikuwa gari ndogo nyeusi ya saluni, imelala chini, na mashine yake ilikuwa ya silinda sita. Ilitoka Japani ikiwa imeshatumika. Talib aliitumia kuwapeleka wageni kwenye mahoteli ya Kendwa. Kila asubuhi aliifuta kabla hajanywa chai. Mkewe, Amne, akisema kuwa ndani ya miaka ishirini na mbili ya ndoa, yeye hajafutwa hata vumbi la bega.

Amne naye alikuwa na furaha yake. Mwaka ule alianza kisomo cha watu wazima, pale skuli, saa kumi za jioni. Sasa akisoma kila anachokiona. Akisoma maboksi ya sabuni. Akisoma mifuko ya unga. Akisoma kwa sauti, hata watu wasipotaka kusikia.

Na furaha kubwa ilikuwa ya binti yao, Nusrat. Alikuwa anaolewa Alhamisi na Mmanga, kijana wa Kendwa.

"Mwanangu nitampeleka mwenyewe," Talib alisema. "Hapandi gari ya kukodi."

Gari ya Talib ilikuwa na tabia moja. Kila ikifunga breki ililia kiiii. Amne akiisikia toka barabara kuu, anateleka maji ya chai. Talib akivua viatu, chai iko tayari.

Jumatatu ya wiki ya harusi, Amne hakusikia kitu. Alikuwa uani, anaanika nguo. Gari ikakata kona, kimya, kama bibi harusi mwenyewe. Ikapita mlango wa nyumba. Ikapita mahali pake pa kila siku. Ikafika kwenye beseni la nguo, ikaondoka nalo. Ikasimama ndani ya banda la kuku.

Kuku walitoka mmoja mmoja, wanalalamika.

Talib akashuka. Foronya ilikuwa inaning'inia kwenye kioo cha mbele.

"Paka," akasema.

"Paka gani?"

"Kapita mbele yangu. Mweupe. Nimemkwepa."

"Mimi mtaa huu sijaona paka mweupe."

"Mgeni," Talib akasema.

Amne hakucheka. Robo saa kabla, Nusrat alikuwa amesimama palepale, anaokota mayai.

"Talib, mwanangu hapandi gari hii."

"Nshawaambia wakwe kuwa nnamleta mimi. Nshawaambia na madereva wote wa Kendwa. Itakuwa aibu, Amne."

"Aibu hiyo nnaitaka. Naitaka kuliko msiba."

Talib akainama. Akaokota beseni. Lilikuwa bapa kama sinia.

"Mwite Mwanamkasi aitazame," Amne akasema. "Akisema inafaa, nitapanda na mimi. Akisema haifai, tutakodi gari, na wewe utakaa nyuma."

Mwanamkasi alikuwa jirani yao, fundi wa magari. Gereji aliirithi kwa babake. Alirithi spana zote, na ulimi pia.

Alikuja na jeki begani.

"Shikamoo Bi Amne. Shikamoo Ami Talib. Naona mmewapa kuku usafiri."

"Marahaba, mwanangu," Amne akajibu. "Tufungulie tuone."

Mwanamkasi akainua gari. Akatoa gurudumu la mbele. Akasogeza pua karibu. Akanusa mara moja, akanusa tena.

"Ami Talib, hapa pamepikwa nini?"

"Kupikwa vipi?"

"Pananuka nazi iliyoungua."

Amne akavuta pumzi. Kweli. Harufu ilikuwa kama ya mkate wa chila uliosahauliwa motoni.

"Labda fundi wa mwanzo alikuwa na mikono michafu," Talib akasema, macho yake yako juu kwenye mnazi.

Amne akakumbuka chupa yake ya mafuta ya nazi. Ilipotea dirishani tangu Jumamosi. Aliitafuta kila pahala, hata akamshuku Nusrat. Akamtazama mumewe. Lakini chupa haikuwepo, na wiki ya harusi si wiki ya kugombana. Akalimeza neno lake.

Mwanamkasi akamwonyesha sahani ya chuma iliyokuwa nyuma ya gurudumu.

"Hii ndiyo diski, Bi Amne. Inazunguka pamoja na gurudumu. Na hizi mbili ni pedi. Ukikanyaga breki, pedi zinaibana diski, huku na huku. Zikibana, gari inasimama. Sasa ukitia mafuta, zinabana na kuteleza. Ni kama kumshika pweza kwa mikono ya sabuni."

"Na ile kelele ilikuwa ya nini?"

"Ile kelele ilikuwa na faida. Pedi hii ina kijichuma kidogo hapa. Kimewekwa makusudi. Pedi ikikaribia kwisha, kijichuma kinagusa diski, kinalia. Kinasema, nimekwisha, nibadilishe. Basi kuna mtu hakupenda kuambiwa. Akakiziba mdomo."

Talib alikuwa anawahesabu kuku.

"Tukizipangusa je?" akauliza.

"Pedi ikishanywa mafuta ni ya kutupa. Na hizi zilikuwa zimekwisha hata kabla ya kupikwa." Akapitisha kidole juu ya diski. "Diski nayo imeliwa. Ina mikwaruzo, na imekuwa nyembamba. Kiasi cha mwisho kimeandikwa hapa ukingoni. Hii imeshapita. Unabadilisha diski na pedi, kulia na kushoto pamoja. Ukibadilisha upande mmoja, gari itavuta kwenda upande wake."

Kisha akafungua boneti, akamwonyesha kikopo kidogo. Ndani yake mlikuwa na maji meusi kama chai ya jana.

"Haya ni mafuta ya breki. Haya ndiyo mafuta ya haki, na mahali pake ni humu tu. Siku zikipita yanavuta unyevu wa hewani. Breki zikipata moto, ule unyevu unachemka. Hapo unakanyaga, mguu unazama mpaka chini, na gari haina habari. Kila baada ya miaka miwili uyabadilishe."

"Lakini tairi ni mpya," Talib akasema haraka. "Nimenunua Ramadhani hii. Tazama zinavyong'aa."

Mwanamkasi akalilaza gurudumu chini. Akafuta pembeni yake kwa kitambaa. Kitambaa kikawa cheusi.

"Bi Amne, wewe ndiye msomaji. Nisomee hapa."

Amne akachuchumaa. Moyo ulimdunda kama siku ya mtihani. Kulikuwa na herufi nyingi, na mwisho wake kijidirisha kidogo chenye tarakimu nne.

"Moja. Nane. Moja. Mbili."

"Mbili za mwanzo ni wiki. Mbili za mwisho ni mwaka. Ndiyo siku ya kuzaliwa ya tairi."

Amne akahesabu kwa vidole. "Wiki ya kumi na nane. Mwaka elfu mbili na kumi na mbili." Akainua uso. "Talib. Tairi hii imezaliwa Nusrat yuko darasa la pili."

"Mbona inang'aa?"

"Imepakwa dawa," Mwanamkasi akasema. "Mpira unazeeka hata ukikaa dukani. Unakauka." Akaukunja ukingo kwa nguvu. Nyufa zikajitokeza, nyembamba kama mistari ya kiganja. "Na mifereji hii imekaribia kwisha. Kazi yake ni kutoa maji. Masika haya, gari yenye nguvu hivi, tairi itapanda juu ya maji. Hapo usukani ni pambo tu."

Amne akasimama. Talib alimtazama, kisha akatazama lile banda la kuku. Akasema polepole, "Tutakwenda Mlandege, tukanunue nyingine."

Kabla hawajaondoka, Mwanamkasi akamfungulia Amne mlango wa dereva. Kwenye fremu ya mlango palikuwa na karatasi iliyobandikwa. Amne akainakili kwenye daftari lake la kisomo: 225/45 R18, na mbele yake 95W.

"Hizo za mwanzo ni upana na kimo na rimu," Mwanamkasi akaeleza. "Tisini na tano ni uzito ambao tairi inaubeba. W ni mbio ambazo inazistahamili. Gari kama hii ukiipa herufi ya mbio ndogo, tairi inapata moto, inapasuka. Si kwamba mkimbie. Ila lazima iwe na uwezo."

Jumanne asubuhi walikuwa dukani kwa Abdulwahid, Mlandege. Talib aliingia kama mtoto siku ya Idi. Akaishika tairi moja pana.

"Hii itapendeza."

"Na ukikata kona itasugua bodi," Mwanamkasi akasema. "Rudisha."

Talib akaokota boksi jekundu lililochorwa ndimi za moto. "Basi pedi hizi. Za mashindano."

"Pedi za mashindano zinataka zipate moto mkali ndipo zishike. Wewe ukitoka nyumbani asubuhi, ziko baridi. Hazikushikii. Chukua pedi nzuri za barabarani, za gari hii hii. Kwani unashindana na nani?"

"Na mbuzi," Amne akasema.

Abdulwahid akacheka mpaka akakaa juu ya tairi.

Amne akafungua daftari. Akachuchumaa mbele ya tairi ya kwanza, akasoma kila kitu kwa sauti. Upana sawa. Rimu sawa. 95W sawa. Tarakimu nne: za mwaka jana. Tairi ya pili sawa. Ya tatu sawa. Kwenye ya nne akasimama.

"Hii mwaka wake umeandikwa kumi na saba."

"Ah, hiyo imejichanganya tu na wenzake, bibi," Abdulwahid akasema.

"Basi ichanganue."

Abdulwahid akaingia stoo, akatoka na nyingine. Amne akaisoma. Akaisoma mara ya pili, kwa utamu tu.

"Samahani, bibi," Abdulwahid akauliza, "unasomesha skuli gani?"

"Sisomeshi. Nnasomeshwa," Amne akajibu. Alitoka dukani huku ardhi anaikanyaga kidogo tu.

Jioni ile Mwanamkasi alifunga kila kitu: diski, pedi, tairi nne, mafuta mapya ya breki. Akajaza upepo kama ilivyoandikwa mlangoni, tairi zikiwa baridi. Kisha akamrushia Talib ufunguo.

"Hujamaliza. Pedi mpya na diski mpya hazijazoeana. Nenda hamsini, punguza taratibu mpaka kumi, usisimame kabisa. Nenda tena. Mara kumi. Halafu ziache zipoe. Na siku hizi za mwanzo usifunge breki za ghafla, ila ikiwa kuna haja."

Talib akaenda mwendo ule, mbele na nyuma, katika barabara ya Bububu. Majirani walitoka nje kutazama. Mmoja akauliza kama leseni amenyang'anywa, anajifunza upya.

Alhamisi mvua ilinyesha toka alfajiri. Talib aliwasha taa. Nusrat alikaa nyuma, hina mikononi, sinia la halua mapajani. Amne alikaa pembeni yake, shingo mbele, anasoma saa ya mwendo kwa sauti.

"Sitini. Sitini na tatu. Talib. Sitini na tano."

"Naiona, Amne."

"Mimi pia. Sitini."

Walipita Mahonda. Huku miwa, na huku miwa. Mara miwa ikafunguka, ng'ombe akaingia barabarani, na ndama nyuma yake.

Talib akakanyaga.

Pedali ikatetemeka chini ya mguu, lakini haikuzama. Maji yakaruka pembeni. Gari haikwenda kulia, haikwenda kushoto. Ilisimama palepale kwenye mstari wake. Halua iliteleza mpaka ukingo wa sinia, ikatulia. Ng'ombe akageuza kichwa, akawatazama kama anayeuliza mnakwenda wapi na mvua hii. Kisha akavuka na mwanawe.

Nusrat akafumbua macho. "Tumefika?"

Mikono ya Talib bado ilikuwa imeushika usukani. "Ingekuwa Jumatatu," akasema.

Amne alinyoosha mkono, akamfuta Talib vumbi la bega. Vumbi halikuwepo.

Kendwa walipokewa kwa vigelegele. Talib alishuka kifua mbele. Alisimama chini ya dirisha la chumba cha wanawake, pamoja na madereva wenzake, akawaeleza juu ya ng'ombe. Mara ya kwanza ng'ombe alikuwa mmoja na ndama. Mara ya tatu walikuwa kundi.

"Na breki zangu nazitunza," akawaambia. "Sijapata kuzigusa na kitu kibaya maisha yangu. Jumatatu ilikuwa paka. Mweupe."

Ndani, Bi Mwatima, mama wa bwana harusi, alikuwa anamvisha Nusrat bangili za dhahabu. Ya kwanza iliingia. Ya pili ikakwama kwenye vifundo vya vidole. Akajaribu hivi, akajaribu vile.

"Jamani, nani ana mafuta ya nazi?" akaita. "Tone moja tu."

Talib aliisikia ile sauti kupitia dirishani. Siku hiyo roho yake ilikuwa nyeupe, na mkwe alikuwa na shida. Hakufikiri.

"Yapo ndani ya buti, Bi Mwatima," akaitikia. "Chini ya tairi ya akiba."

Dirisha likafunguliwa zaidi, na kichwa cha Amne kikatokeza.

"Talib."

"Naam."

"Yule paka mweupe," Amne akasema, "aliyaweka huko kabla hujamkwepa, au baada?"