Matofali Chini ya Cherehani

Cherehani yangu ilisimama juu ya matofali manne. Si kwa urembo. Kila mvua iliponyesha, maji yaliingia karakana yangu, chumba cha mbele kinachotazama barabara. Nilikaa juu ya stuli ndefu kama kuku darini, nikishona sare za wanafunzi.

Msimu uliopita maji yaliharibu sare ishirini. Nilizishona upya zote kwa kitambaa changu. Nikaapa: yakiziharibu tena, nafunga kazi.

Mume wangu ni mwashi. Fundi kweli kweli, na mwenyewe anajua. Ua wetu wote wa nyuma aliumwagia zege, ukuta hadi ukuta, akalisugua likang'aa. Mgeni hakupewa hata maji kabla ya kuonyeshwa ua.

Siku moja ikaja barua ya ofisi ya jiji. Kila mwenye nyumba atalipa ada ya mitaro ya maji ya mvua. Anayepinga aandike kabla ya mwisho wa mwezi. Mume wangu akawaka.

"Mvua ya Mungu nayo inalipiwa? Kesho watatutoza hata jua!"

Akachukua daftari, akaanza kupita nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi za kupinga.

"Baba watoto," nikamwambia, "mtaro wa barabarani umebomoka. Nani ataujenga?"

"Jiji."

"Kwa pesa zipi?"

Akabana daftari kwapani, akatoka.

Jumamosi asubuhi akaja mpimaji wa jiji, mama wa makamo mwenye buti za mpira na futi mkononi. Alipima paa, kisha ua. Mume wangu alimfuata nyuma nyuma na daftari lake.

"Dada, jirani yangu ana kiwanja kikubwa kuliko changu. Mbona ada yake ndogo?"

"Hatuhesabu kiwanja, kaka. Tunahesabu paa na zege, mahali ambapo maji hayazami. Lile duka kubwa pale juu, lenye uwanja wa magari, litalipa mara arobaini ya unacholipa wewe."

"Maneno tu hayo."

"Haya, nipeni ndoo mbili za maji."

Nikaleta. Ya kwanza aliimwaga kwenye kipande cha udongo kando ya bomba, nje ya ukuta wa ua. Udongo ukayanywa. Ya pili aliimwaga kwenye zege la mume wangu. Maji yakateleza, yakapita ujiani, yakakunja kona, yakaingia moja kwa moja karakana yangu. Yakatuama kwenye matofali yangu manne.

"Kumbe!" nikasema. "Miaka yote nailaani mvua, na mafuriko nimeolewa nayo!"

Mpimaji alicheka mpaka futi ikamponyoka.

"Usimlaumu peke yake, mama. Kila zege la mteremko huu linakuletea maji. Ndiyo maana kila mwenye nyumba anachangia kwa kadiri ya maji anayoyatoa. Pesa hizi ni za mitaro tu, na hesabu zake zitabandikwa ofisi ya mtaa. Mkipunguza zege, tutapima upya na ada itashuka."

Mume wangu alilikunja daftari, akalitia mfukoni.

Kesho yake nikasikia nyundo. Alikuwa anavunja nusu ya ua wake mwenyewe, jasho linamtiririka. Niliona huruma, maana zege lile alilipenda. Akajaza udongo, akapanda mboga. Kisha akazirudia nyumba zote zilizoweka sahihi.

"Nilikosea," alisema mlango kwa mlango. "Njooni mwone kwangu, nitawamwagia ndoo."

Jamani, nilijivunia mume wangu siku ile kuliko siku ya harusi.

Ada ikapita. Mtaro mpya ukajengwa, mpana, wa kina, na yeye alikuwa mmoja wa waashi walioujenga.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha mchana. Tulisimama mlangoni kwangu, roho mkononi. Maji ya mteremko mzima yakashuka kwa kelele, yakafuata mtaro, yakaenda zake. Sakafu yangu ilikuwa kavu kabisa.

"Unaona mtaro ulivyonyooka?" akasema, kifua mbele. "Mikono hii hapa!"

"Tumeona, fundi. Sasa nisaidie."

Akainua cherehani. Nikachomoa matofali yote manne. Nikaisukuma ile stuli nje, nikavuta kiti cha kawaida, nikashona mpaka mvua ikaisha.