Mchanga Uliosawazishwa

Mairi Geddes, mtunza nyumba ya klabu, aliligundua pengo lile kabla hajafungua mapazia. Kabati la kioo la klabu ya gofu ya Ardvannie lilikuwa limefungwa, na ufunguo wake ulikuwa umeachwa kwenye tundu. Lakini juu ya vishikizo vya shaba, mahali ilipolazwa fimbo ya gofu ya Wallace Kinmuir miaka yote, hapakuwa na kitu. Ilikuwa Jumatatu, saa moja kasorobo asubuhi.

Aliweka chini sinia la uji wa shayiri polepole ili kelele isiwaamshe wageni. Kisha akaenda kugonga mlango wa Effie Rannoch.

Effie alikuwa sajini mstaafu wa polisi. Tangu afiwe na mumewe, alikuwa amechukua nafasi yake katika safari ya gofu ambayo marafiki wa mumewe huifanya kila mwezi wa Mei. Marafiki wale walicheza viwanja vya kale alivyovichora Kinmuir, kuanzia Portskail, wakapita Inverlair, wakamalizia hapa Ardvannie, kiwanja chake cha kwanza. Siku ya mwisho, kiongozi wa safari hutoa kabatini fimbo ya marehemu Kinmuir na kuusukuma mpira wa mwisho shimoni, wanachama wote wakimtazama. Mwaka huu kiongozi alikuwa Gregor Baillie, mwalimu mkuu mstaafu, mtu mpole ambaye hakuwahi kumsemesha mtu kwa ukali.

"Uliiona lini mara ya mwisho?" Effie aliuliza.

"Jana jioni, Bi Effie. Nilifuta kioo, nayo ilikuwapo. Jana hakuna aliyecheza, si unajua, Jumapili uwanja hufungwa."

"Na ufunguo?"

"Huning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Kila anayekuja kuomba chumvi anauona."

Saa mbili mwenyekiti wa klabu, Bwana Ogilvie, alifika kwa gari kutoka mjini, mkongojo wake ukigonga sakafu. Hakuketi. Alizunguka sebule nzima mara kadhaa, akalikagua kabati, akarudi dirishani, akalikagua tena.

"Mwenye dhamana ya ufunguo ni wewe, Mairi?"

"Ni mimi, bwana."

"Basi sina la kuzunguka. Wanachama wanafika adhuhuri kwa sherehe. Kama fimbo haijaonekana, wewe na Rory mtafute pengine pa kuishi."

Juu ya dari zikasikika mbao zikigongwa, taratibu. Rory, mumewe Mairi, alikuwa anaita. Alikuwa haondoki kitandani tena, na vyumba vile viwili vya juu ndivyo vilivyokuwa nyumba yao.

"Namgeuza tu, narudi," Mairi alisema. Kabla ya kupanda ngazi alimmiminia Gregor chai, akaishia nusu ya kikombe, akakisogeza karibu naye. Effie aliliona hilo akadhani chai imekwisha. Lakini birika lilikuwa zito bado.

Effie alianza maswali yake na Struan Lockhart, mwenzao wa safari, daktari wa meno aliyekusanya fimbo za zamani kama watoto wanavyokusanya makombe ya baharini.

"Struan, buti la gari lako lina nini?"

"Fimbo kuukuu, Sajini, kama kila mwaka. Njoo uzikague. Zibusu ukipenda."

"Jumamosi ulisema wakikuruhusu utalala nayo kitandani."

"Nilisema hivyohivyo juu ya pai ya Mairi! Mbona hukunikamata kwa pai?"

Gregor alicheka, mikono ikiwa mifukoni. "Mwache, Effie. Huyu akiingia kwenye shimo la mchanga anatoka kama kuku aliyefukua jalala. Angekuwa ameiba, tungefuata nyayo mpaka kitandani kwake."

"Ndiyo maana natembea na wewe, mke wangu wa pili," Struan akamjibu. "Wa kunifagilia nyuma."

"Reki ya kusawazisha mchanga haiumi, Struan. Ijaribu siku moja."

"Na wewe, Gregor?" Effie aliuliza. "Viatu vyako vimelowa."

"Nilitembea pwani alfajiri. Usingizi umenikimbia siku hizi."

"Hukukutana na mtu?"

"Shakwe tu, na kelele zao."

Walikagua buti la Struan. Walikuta fimbo nyingi, ila si ile. Hata hivyo Ogilvie hakuridhika. Alimkodolea macho daktari, kisha akaikodolea dari, na jina alilolitaja kwa sauti ya chini lilikuwa la Mairi.

Effie alitoka nje kupumua. Upepo uliovuma Jumapili kutwa na kucha ulikuwa umetulia alfajiri, na sasa ulianza kuamka tena, ukichezea bendera za mashimo. Banda la mtunza uwanja lilikuwa bado lina kufuli, mwenyewe hajafika. Alipita kando ya mashimo ya mchanga, ile mitego ya Kinmuir yenye kina cha kummeza mtu. Katika kila moja upepo ulikuwa umechora mikunjo midogomidogo, kama kaakaa la mbwa. Akapita moja, na la pili, na la tatu.

Lile la karibu na bendera ya mwisho halikuwa na mikunjo. Mchanga wake ulikuwa laini, una mistari ya reki iliyonyooka. Na reki yenyewe ilikuwa imelazwa nje ya ukingo, mpini ukielekea bendera, ili isiuzuie mpira wa mtu.

Effie alisimama. Nani alisawazisha mchanga ambao hakuna aliyeuchezea?

Chembe za mchanga zilianza kukimbia juu ya ile mistari. Dakika chache zaidi na upepo ungeifuta yote. Mama yule akakunja sketi akakimbia, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, akiita majina yao yote.

Walikuja haraka: Ogilvie na mkongojo wake, Struan na kipande cha mkate mdomoni, Gregor nyuma, Mairi akifuta mikono.

"Tazameni mistari kabla haijafutika," Effie alisema, akihema. "Tazameni mashimo mengine, kisha hili. Mmeona? Sasa, Struan, ingia uchimbe."

Struan aliruka ndani akachimba kwa mikono. Haikuchukua muda. Fimbo ilikuwa imefungwa kwa kitambaa cha kukaushia vyombo, imezungushwa kwa uangalifu isipate unyevu.

"Kitambaa cha jikoni kwake!" Ogilvie alisema. "Mnataka nini zaidi?"

Mairi alishika ukingo wa aproni yake.

"Vitambaa hutundikwa kando ya ufunguo," Effie alisema. "Aliyechukua ufunguo aliona na kitambaa. Lakini niambie, Bwana Ogilvie, Mairi amewahi kushika fimbo ya gofu?"

"Hajawahi."

"Asiyecheza akifukia kitu hukanyagakanyaga akaondoka. Huyu alisawazisha kama afanyavyo mchezaji anapotoka mchangani, akarudi kinyumenyume, akailaza reki mahali pake. Hakufikiri. Mkono ndio uliofanya, kama ulivyozoea miaka yote. Wewe ulifika kwa gari saa mbili, na mkongojo wako ungetoboa mchanga wote. Mimi nilikuwa kitandani mpaka Mairi aliponiamsha, naye ni shahidi. Anabaki Struan."

"Mimi?" Struan alisema, mchanga ukimdondoka viwikoni.

"Wewe hujawahi kupiga reki maishani mwako, mwanangu. Leo umenusurika kwa utovu wa adabu."

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wamemgeukia Gregor.

"Gregor," Effie alisema kwa sauti ndogo, "toka Portskail hujausukuma shimoni mpira uliobaki karibu hata mara moja. Ulikuwa unatuambia, 'Okota, nimekupa,' mpira uhesabiwe umeingia bila kupigwa, nasi tukaona haya, tukakupa wewe pia. Nilidhani ni ukarimu. Toa mikono mifukoni, ndugu yangu."

Aliitoa. Mkono wa kulia ulitikisika kama jani, naye akaukamata kwa wa kushoto, ikatikisika yote miwili.

"Mtetemeko huu ulianza wakati wa baridi," alisema. "Sikuvumilia kufikiria nimesimama hapo, mbele ya watu niliowafundisha kuandika, nikishindwa kugusa mpira. Nilijisemea fimbo ikikosekana sherehe itaahirishwa, nami nitairudisha kesho. Sikumfikiria Mairi."

"Alfajiri hukumfikiria. Lakini alipoambiwa ahame, ulikuwa umeketi pale."

"Nilikuwa nimeketi."

"Na ulikuwa unakunywa chai yake."

Gregor aliinamisha kichwa. Mairi alisogea karibu naye.

"Mikono niliijua mimi, Bwana Gregor. Tangu Ijumaa nakumiminia nusu kikombe isimwagike. Rory alianza hivyohivyo. Fimbo sikukudhania, ila mikono niliijua."

Kusikia hivyo, mzee alilia wazi, kama mtu aliyepigwa.

Ogilvie alivua kofia. "Mairi, niwie radhi. Vyumba ni vyenu."

"Nitakuwia radhi, bwana, nikishamgeuza Rory. Saa yake imefika."

Adhuhuri wanachama walilizunguka shimo la mwisho. Gregor aliwaambia yote yeye mwenyewe, akaanza na jina la Mairi, akamaliza na ugonjwa wake. Kisha akataka kumkabidhi Effie ile fimbo.

"Kiongozi ni wewe," Effie alisema.

Fimbo ilitetemeka juu ya mpira, ikaugusa vibaya. Mpira ulibingirika ukasimama hatua moja kutoka shimoni. Watu walitazama viatu vyao. Gregor aliinama auokote.

"Usiokote," Struan alisema. "Leo sikupi."

Gregor alimtazama rafiki yake. Alisimama tena, akapiga, ukapita pembeni. Alipiga tena. Upepo ulikuwa unapeperusha makoti, na hakuna aliyeondoka. Mara ya mwisho mpira ulizunguka ukingo wa shimo, ukasita, ukatumbukia, na sauti yake ndogo ikasikiwa na kila mtu. Kutoka kitandani kwake, kando ya dirisha la juu, Rory aligonga kioo.

Watu walipokuwa wakimpa Gregor mkono, Effie alimtafuta Struan asimwone. Alikuwa ndani ya lile shimo la mchanga, peke yake, ameshika reki vibaya, akilisawazisha pale alipochimba.