Kunguru Hana Gego la Akiba

Wazazi wenzangu, na hasa nyinyi bibi mnaolea wajukuu, sogeeni karibu. Asubuhi hiyo mambo yalikuwa shwari uani kwa Bibi Tsonka, pale Pomorie, mji wa pwani ya Bulgaria. Kahawa ilikuwa ikichemka kwenye birika la shaba lililong'aa kupita yote mtaani, na mjukuu wake Bilyana, wa miaka sita, alikuwa akilamba jemu ya tini. Mara kijiko kikaanguka. Mtoto akashika shavu akaanza kulia.

Bibi hakushtuka. Mama yake Bilyana, aliyekuwa kazini Ujerumani, alituma dawa ya meno yenye floraidi kila mara, lakini Bibi alikuwa amesikia sokoni kwamba floraidi ni sumu. Basi dawa akaisugulia birika, na mtoto akawa anasuguliwa meno kwa chumvi na majivu ya jiko, tena siku Bibi akikumbuka. Ya nini kuhangaikia meno ya utoto? Yaking'oka hutupwa paani, kunguru akayachukua, akaleta ya chuma. (Mnacheka? Yenu mlitupa wapi?)

"Litang'oka hilo, mama," alimbembeleza. "Kunguru atakuletea la chuma."

"Mwambie aje leo, Bibi. Mimi nimechoka."

Bibi akalitikisa jino kwa kidole. Halikucheza hata kidogo. Mchana mtoto alipokataa hata mkate, moyo ulimlainika, akampeleka kwa daktari Kalinova na kumwomba aling'oe upesi, kwani ni la utoto, litaota jingine.

Daktari alichungulia, kisha akaweka koleo pembeni.

"Hili si la utoto, Bibi. Gego hili huota nyuma kabisa mtoto akifika miaka sita, wala halingoji jingine ling'oke. Ndiyo maana watu hawalitambui. Nikiling'oa, kunguru hana la akiba."

Bibi Tsonka alivuta kiti, akakaa. Aliona haya na hakuyaficha. Kumbe alikuwa amekuja kumpokonya mjukuu wake jino la maisha, na kwa nia njema kabisa.

Bahati ilikuwa yao, tundu lililotobolewa na uozo halikuwa limefika kwenye kiini cha jino. Daktari aliliziba, akaeleza kwamba majivu hukwangua jino na floraidi huliimarisha: apigwe mswaki kwa dawa kiasi cha punje ya njegere, asubuhi na kabla ya kulala, ateme asimeze.

Baadaye jino la mbele la Bilyana liling'oka kweli. Akalirusha paani.

"Kunguru, chukua la mfupa, nipe la chuma. Lakini magego yangu usiyaguse!"

Bibi alicheka mpaka kahawa ikafurika, ikamwagikia birika, ambalo siku hizo lilikuwa jeusi kama sufuria yoyote ya mtaani.

FUNZO

Meno ya mtoto yatunzwe tangu la kwanza linapochomoza, maana ya kudumu huingia kimyakimya katikati ya yale tunayoyadharau. Ukisikia neno sokoni, kaulize kwa daktari kabla hujalipeleka kinywani mwa mtoto. Na birika lako likichakaa, liache lichakae, ilimradi mjukuu anatafuna mkate wake.