Alhamisi za Ame

Foleni ya mchele pale Darajani, Unguja, ilikuwa imeshapinda kona. Jua kali, watu wamebanana. Mize alihisi mtu amemsimamia karibu mno, akageuka na buibui lake, macho makavu.

"Kaka, mgongo wangu si ukuta."

"Nisamehe, bibie, nnasukumwa. Lakini si nnakuzibia jua?"

Alikuwa Ame, karani wa bandarini Malindi, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka. Mize alitaka kununa, akacheka. Mpaka wanafika dirishani, Ame alikuwa ameshajua kuwa msichana huyu ndiye anayeunganisha simu za mji mzima.

"Basi sauti yako naisikia kila siku!"

"Na mie yako. Wewe si ndiye unayesema 'tafadhali' mara tatu? Una wazimu?"

Alisema kwa mzaha, kama wasemavyo watu wote. Ame alicheka, ila kwa kuchelewa.

Wakapendana. Simu za kutoka bandarini zikazidi.

"Nambari gani?" Mize angeuliza.

"Yoyote, mpenzi. Nataka sauti yako tu."

"Mwehu wangu we!"

Kila mara kungepita kimya kifupi, Mize asikitilie maanani. Alichokitilia maanani ni Alhamisi. Kila Alhamisi mchana Ame alipotea, na akiulizwa alijibu, "Nna shughuli."

Siku moja mwanamke alipiga simu akimtaka Ame. Kazi ya Mize ilikuwa kuunganisha na kuacha. Safari hii hakuacha, alisikiliza.

"Ame, juzi hukuja. Usinifanyie hivyo, mwenzio nakungoja."

"Ntakuja, Bi Khatun. Lakini usimwambie mtu."

Jioni, Forodhani, Mize hakusubiri hata salamu.

"Khatun ni nani?"

Ame akasawijika. "Umesikiliza simu yangu?"

"Nijibu!"

"Ni muuguzi."

"Wa wapi?"

"Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili." Alisema akiitazama bahari. "Mwaka juzi nililazwa miezi mitatu. Usingizi ulinikimbia, nikawa nasikia watu wananisema ukutani. Sasa nakunywa dawa. Alhamisi nakwenda kuangaliwa."

Mize alirudi nyuma hatua moja tu, lakini Ame aliiona.

"Wewe… mwendawazimu?"

"Mara ngapi umeniita hivyo, Mize? Leo ndiyo umekusudia."

Akaondoka bila kuaga.

Siku tisa Ame hakupiga simu. Mize alikula bila kujua anakula nini. Siku ya kumi alimwendea Bi Khatun hospitalini, akamkuta akikunja mashuka, miwani imemshuka puani.

"Shikamoo. Mimi Mize. Wa Ame."

"Marahaba." Akaweka shuka kando. "Ya mgonjwa sitokwambia. Lakini nikuulize: ungeambiwa ana pumu, ungemkimbia?"

"Hapana. Ningeuliza akibanwa nifanye nini."

"Basi kamuulize mwenyewe."

Siku ile ile Mize alipiga simu Malindi.

"Ame, usikate. Nimekosa kusikiliza simu yako, na nimekosa zaidi kwa neno lile. Nambie, ukianza kuumwa ntajuaje?"

Ame hakukata.

"Sitolala," akasema. "Siku ya pili nipeleke kwa Bi Khatun, hata nikikataa."

"Ntakupeleka."

"Hata nikikutukana?"

"Utanitukana njiani."

Wiki mbili baadaye Ame alikuja kuposa pamoja na mjomba wake, ingawa desturi yataka mwenye kuoa abaki kwao. Baba yake Mize alikuwa ameshafariki, hivyo aliyewapokea ni ndugu wa marehemu, Ami Mkadam, tasbihi mkononi. Mize na mama yake, Bi Biasha, walikaa nyuma ya pazia.

"Kijana ana ila yoyote?" Ami Mkadam akauliza.

"Hana," mjomba akajibu upesi.

"Nnayo," akasema Ame. Akaeleza yote, miezi mitatu, dawa, Alhamisi. Hakuruka kitu.

Ami Mkadam alisimamisha tasbihi. "Simtoi mtoto wa ndugu yangu kwa mwehu. Inukeni."

Pazia likavutwa. Bi Biasha alisimama pale, kanga kajitanda kichwani.

"Shemeji, alipokufa mwanangu Kurwa, Mize akiwa bado mdogo, nilijifungia chumbani miezi saba. Mliwaambiaje watu?"

"Kuwa una homa. Biasha, mbele ya wageni?"

"Mbele ya wageni. Haikuwa homa. Nilitaka kufa. Wewe ndiye uliyenipeleka kutibiwa, ukanifunika uso nisijulikane. Nikapona, nikamlea Mize. Kalelewa na mwehu?"

Ami Mkadam aliinama. Aliponyanyua uso, alimtazama Ame.

"Hiyo dawa… inakufaa?"

"Inanifaa, ami."

"Na ukiumwa tena?"

"Keshanambia la kufanya!" Mize akasema kutoka ndani.

Ami Mkadam akashusha pumzi. "Basi kaeni. Tuzungumze siku ya ndoa."

Bi Biasha alirudi mkekani. Mize akamshika mikono, akamnong'oneza.

"Mama, mbona miaka yote hukunambia?"

"Nilichelea utaniogopa, mwanangu."

Mize hakuweza kumwambia kuwa asingemwogopa. Mwezi uliopita angemwogopa. Alimvuta kifuani, akamkumbatia kwa nguvu, na upande wa pili wa pazia wanaume wakaanza kutaja tarehe.