Mzunguko wa Kwanza

Kifurushi kilirudi kwenye mji wa pwani wa Faaborg siku ya Jumatano, kimezungushiwa mkanda wa gundi mwingi kuliko kilipotoka. Hilo ndilo lililomshangaza Inger. Mteja anayerudisha kitu hufunga ovyo ovyo, bora liende. Huyu alikuwa amefunga kama mtu aliyefungia paka ndani ya boksi. Inger alipofika mwisho wa mkanda alikuta transfoma moja tu, ndogo ya kukaa kiganjani, bila barua.

Kwa miaka kumi na tisa Inger na mumewe Villads waliuza vipuri: vifungo, bamba za chuma, taa za kioo za kukuzia sauti, na transfoma ambazo Villads alizisuka kwa mkono wake mwenyewe, waya mzunguko kwa mzunguko. Wateja wao ni wale wanaojitengenezea nyumbani nakala ya mashine moja ya zamani ya studio, ile inayobana sauti. Mwimbaji akipaza, inamshusha. Akinong'ona, inampandisha, mpaka unasikia anavyovuta pumzi. Usoni ina mshale. Sauti ikiingia kwa nguvu mshale unaanguka, kukiwa kimya unasimama kwenye sifuri.

Villads alifariki mwezi Septemba, mchana, kwenye stuli yake, waya ukiwa bado vidoleni.

Inger akampigia simu mteja, Mogens, mwenye studio kule Odense, rafiki wa marehemu wa siku nyingi.

"Mogens, transfoma ina kasoro gani?"

"Haina kasoro, shemeji."

"Sasa mbona umeirudisha?"

Mogens akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikika ndani ya nyumba yake mwenyewe: "Inahesabu."

"Inahesabu nini?"

"Usiiwashe, shemeji. Nakuomba. Itupe huko baharini kwenu, uniambie imepotea."

"Umeanza kulewa saa tano asubuhi?"

"Laiti ningekuwa nimelewa," akasema, na hakucheka.

Ukimwambia mjane asiwashe, ndiyo umemwambia awashe. Inger akaifunga transfoma kwenye mashine ya majaribio pale karakana, akasubiri taa za kioo zipate moto. Kilichokuja kwanza ni harufu. Ilikuwa harufu ya zile pipi nyeusi za chumvi ambazo Villads hakuwahi kukosa mdomoni, na tangu mazishi hazikununuliwa tena nyumbani humo. Kisha mshale ukaanguka, ilhali hapakuwa na kitu kilichounganishwa wala sauti chumbani. Akaongeza sauti ya spika taratibu.

"... mia nane na themanini. Themanini na moja. Themanini na mbili ..."

Ilikuwa sauti ya Villads, na pipi yake shavuni.

Inger alipaswa kukimbia. Hakukimbia, na tuseme ukweli, alifurahi, akaisogelea spika. Mumewe, aliyetumia maisha yake kutengeneza vyombo vya kurekodi watu wengine, alikataa katakata kurekodiwa yeye. Hata kwenye simu yake ya ofisini sauti ya kuwaomba wateja waache ujumbe ilikuwa ya Inger. Alipozikwa, sauti yake iliondoka naye yote, na mkewe alikuwa ameshaanza kuisahau, jambo lililomuumiza kuliko jeneza lenyewe.

"... mia tisa na kumi. Na moja. Na mbili."

Hapo sauti ikakatika. Pumzi moja ikavutwa kwa shida, halafu stuli ikaanguka nyuma yake kwa kishindo. Inger aligeuka. Stuli ilikuwa imesimama mahali pake.

Spika ikanyamaza, kisha ikasema, kwa uchangamfu wa asubuhi: "Inger!" Na baada ya kidogo: "Mbili. Tatu. Nne ..."

Villads hakuwahi kuiamini namba ya kwenye mashine ya kusukia. Alihesabu kwa mdomo kila mzunguko wa waya, na mzunguko wa kwanza hakuuita moja. Aliuita Inger, kwa sababu, alisema, huo ndio unaoshikilia mingine yote. Inger akiwa chumba cha pili anafunga mizigo alijibu kwa sauti, "Nipo!", ndipo mume aendelee na mbili. Wateja waliowatembelea waliwatania sana. Wenyewe hawakuwahi kuacha.

Tangu siku hiyo Inger hakuuza kitu. Barua za wateja zilirundikana, naye alikuwa kwenye stuli akisikiliza, akijibu "Nipo!" kila hesabu ilipoanza, akizima spika ikikaribia mia tisa, kisha akashindwa hata kuizima. Wiki ya pili aligundua kwamba hesabu haifanani na ya mwanzo. Kuanzia mia nane na hamsini Villads alipunguza mwendo, na katikati ya namba na namba palisikika kitu ambacho mashine ile iliumbwa ili ikipandishe, pumzi ya mtu anayetetemeka, anayejua anakokwenda na hawezi kusimama, na ilipofika mia tisa na tano alianza kuomba, basi, mia tisa na sita, basi jamani, mia tisa na saba, huku nta ya kwenye waya ikinuka kama imeungua na sakafu ikitikisika chini ya stuli ambayo ilikuwa haijaanguka bado.

Ndipo alipompigia Gudrun.

Gudrun alikuwa na miaka themanini na sita. Ndiye aliyemfundisha Villads kusuka, enzi za kiwanda cha redio. Alifika mchana na kigari chake cha kutembelea, mikate ya mdalasini kwenye kikapu cha mbele, akilalamika kuhusu ngazi.

"Umekonda, mwanangu. Unakula kweli?"

"Sikiliza kwanza, mama."

Gudrun akasikiliza mara moja, mpaka kishindo. Akauweka mkate chini.

"Koili hii ni ya mizunguko mingapi?"

"Elfu moja na mia nne."

"Naye aliishia mia tisa na kumi na mbili. Nani aliimalizia?"

Inger akatazama mikono yake. "Mimi. Siku ya tano baada ya mazishi. Nikampelekea Mogens. Nilitaka kazi yake ya mwisho ikaimbe mahali."

"Koili ya mtu ikikatizwa inafumuliwa, Inger. Inafumuliwa yote, hata kama imebaki mizunguko miwili. Hakukwambia?"

"Aliniambia."

"Na dirisha? Alipofariki, nani alifungua dirisha ili roho yake itoke?"

"Muuguzi wa gari la wagonjwa alifungua."

"Halafu?"

"Nikafunga. Kulikuwa na baridi."

"Septemba?"

Inger akaanza kulia. "Sikutaka aende, mama."

Bibi kizee akamshika kifundo cha mkono. Aliuliza taratibu, bila ukali: "Umemfisha mara ngapi jana?"

"Usiseme hivyo."

"Mara ngapi, mwanangu?"

"Kumi na mbili."

Walifungua dirisha. Waliitoa transfoma, wakachomoa vibati vyake vya chuma kimoja kimoja, na ingawa mashine sasa haikuwa na kitu cha kuisemesha, mshale uliendelea kuanguka na kuinuka. Gudrun alishika kigurudumu cha kupokea waya, Inger akafumua. Mizunguko yake mwenyewe, mia nne themanini na minane, ilitoka kimya. Kisha waya ukatetemeka vidoleni na sauti ikatoka kwenye koili yenyewe, pumzi ile ya shida kwanza, halafu namba zikirudi nyuma. Mia tisa na kumi na mbili. Na moja. Na kumi. Kadiri zilivyopungua ndivyo hofu ilivyomtoka. Kwenye mia sita alikuwa ametulia. Kwenye mia mbili alihamisha pipi kutoka shavu moja hadi jingine, na Inger akacheka huku machozi yanamchuruzika.

"Tatu," akasema Villads. "Mbili."

Inger akasimamisha mkono.

"Nimechoka, mama. Nitamalizia kesho."

Gudrun alijua hatamalizia, lakini naye aliwahi kuzika mume. Akavaa koti akaondoka.

Kesho yake Inger hakumalizia. Mzunguko mmoja ulibaki kwenye koili, na kila asubuhi ulimwita, "Inger!", kwa ule uchangamfu wa zamani, bila kifo mbele yake. Yeye akajibu "Nipo!" Mbili haikuja, kwa kuwa haikuwepo tena. Aliona ni bei nafuu.

Siku ya nne jina lilikuja kwa kuuliza. "Inger?"

"Nipo! Nipo hapa, Villads!"

"Inger?"

Siku ya sita ilikuwa sauti ya mtu anayezunguka nyumba gizani, akisukuma mlango mmoja baada ya mwingine. "Inger? Uko wapi? Inger?" Inger alijibu kwa kupiga kelele, na bado aliulizwa yuko wapi. Hapo ndipo alipoelewa, na moyo ukamwuma kama siku ile ya Septemba. Muda wote huo ni yeye aliyekuwa akimsikia. Villads hakuwa amesikia jibu hata moja.

Alilifungua dirisha lote. Theluji nyepesi ilikuwa inaingia juu ya meza, juu ya mifuko ya vifungo na karatasi za wateja. Akakaa kwenye stuli ya mumewe, akashika ncha ya waya.

"Inger?"

"Nipo," akasema, bila kupaza, na akavuta.

Mshale ukapanda hadi sifuri ukatulia. Harufu ya pipi ikapita shavuni mwake kuelekea nje. Alibaki na waya mtupu mkononi, akisubiri asichoweza kukitumainia.

"Mbili," ikasema sauti, huko nje, uani. "Tatu."

Iliposema nne ilikuwa imeshafika getini. Inger alihesabu naye kwa mnong'ono mpaka kumi na saba, na baada ya hapo hakusikia tena.