Mdhamini Aliyekwama Kwenye Lifti

"Nyigu, unanisikia? Mdhamini kanunuliwa. Asisaini!"

"Nimtwange risasi, Mkuu?"

"Thubutu! Aondolewe kisheria."

Jasusi Nyigu akasonya, redio sikioni. Glock kiunoni, kisu mguuni, na leo vyote mapambo tu!

Kampuni ya umeme ilikopa kwa wananchi kwa kuwauzia hatifungani, ikaweka mitambo yake rehani. Mdhamini ndiye aliyeishika rehani hiyo kwa niaba ya wakopeshaji, akiwemo mama mzazi wa Nyigu, aliyetia humo kiinua mgongo chake chote. Sasa kachero wa kigeni mwenye suti ya kijivu amemhonga mdhamini aiachilie, mitambo ing'olewe, nchi ibaki gizani.

Nyigu alipanda ngazi mbilimbili. Lifti ilikuwa imezimwa.

Ukumbini mikono ya wakopeshaji ilikuwa juu.

"Kura zimetosha," mwenyekiti wa mkutano alitangaza. "Mdhamini ameondolewa."

Mdhamini akacheka, akafungua kalamu yake ya Parker. Suti ya Kijivu akamsogezea hati ya kuachilia rehani.

"Mkataba unasema siondoki mpaka mrithi wangu akubali kazi kwa maandishi. Haya, yuko wapi?"

Nyigu alitamani kuutafuna huo mkataba. Alinyakua fomu ya kukubali mezani, akatoka mbio.

"Mkuu, mrithi yuko wapi?"

"Ndani ya lifti. Ghorofa ya tano. Wamemkatia umeme."

Jibaba moja lilikuwa linalinda mlango wa lifti.

Konde moja. Likalala.

Nyigu aliutanua mlango kwa nondo, ukaachia upenyo wa kupitisha mkono. Ndani alisimama mrithi, mama mmoja wakili mstaafu, mkoba kwapani.

"Shikamoo, mama. Saini hapa, upesi!"

"Marahaba. Ngoja nivae miwani."

"Mama, hakuna muda!"

"Sisaini nisichokisoma, mwanangu. Mnamtoa mhuni, halafu mnataka kipofu?"

Akasoma. Akarudia aya ya pili. Nyigu aliuma ngumi kwa hasira.

Redio ikakoroma. Alikuwa mwenyekiti. "Mdhamini anasaini kila ukurasa! Umebaki mmoja!"

"Nipe kalamu," mama akasema.

Kalamu ya Nyigu ilikuwa na kamera, kinasa sauti na sindano ya usingizi. Wino haikuwa nao.

"Serikali nzima!" Mama aliguna, akapekua mkoba, akatoa Bic iliyotafunwa kofia. Akasaini.

Nyigu aliipiga fomu picha, akaituma kwa simu kwa mwenyekiti. Akasubiri, jasho likimtoka.

"Imefika! Kalamu yake ilikuwa bado hewani. Saini ya mdhamini wa zamani haina kazi tena. Askari wamemtia pingu Suti ya Kijivu, na yeye pia."

Simu ikaita.

"Mwanangu, hela zangu?" Alikuwa mama yake mzazi.

"Zipo, mama. Lala usingizi."

Nyigu alivaa miwani yake ya Ray-Ban, akatia mikono mfukoni, akaanza kushuka ngazi taratibu bila kugeuka.

"Wewe kijana!" sauti ilimfuata kutoka kwenye upenyo. "Unakwenda wapi? Mdhamini wenu bado yuko kwenye lifti!"