Picha Iliyofichwa Stoo

"Mimi si mbeba mizigo wako," rafiki yangu, muosha vyombo mkahawani, alimwambia mpishi.

"Bosi kasema picha ikafichwe stoo, dada. Au unataka kugoma kama hao?"

Picha ilionyesha wahudumu wa zamani wa mkahawa huohuo, wamejipanga barabarani na mabango. Rafiki yangu akaibeba hadi stoo kwa hasira, na hasira hasara: alisahau kuegesha gunia la unga mlangoni. Mlango ule ukijifunga hufunguliwa kwa nje tu.

Ukajifunga. Akabaki gizani kama panya mtegoni, akagonga mpaka viganja vikawaka moto. Hakuna aliyekuja.

Kisha akasikia nyayo nyingi nje, zikipita na kurudi polepole. Akamulika picha kwa simu iliyokosa mtandao humo ndani. Barabara ya pichani ilikuwa tupu.

Nyayo zikasimama.

"Toka, binti," sauti ikasema mlangoni. "Bango lako tumekushikia."